Pawa saplai isiwe "yoyote": kwa mnaoanza kuunda kompyuta za gemu Mtwara

Wadogo zangu, wengi mnakuja na karatasi iliyopangwa vizuri: prosesa fulani, kadi ya grafiki fulani, RAM kiasi hiki, kasha lenye taa za rangi. Chini kabisa, baada ya hela kuisha, mnaandika "pawa saplai 500W, yoyote". Hapo ndipo ninapoomba tukae tuzungumze, kwa sababu hicho ndicho kifaa pekee kinachogusa umeme wa ukutani na kugusa kila kitu kingine ndani ya kasha. Kikifa vibaya, hakifi peke yake.

Anza na kibandiko cha ubavuni. Ile namba kubwa ya kwenye boksi iache kwanza. Tafuta safu ya +12V, yaani umeme wa volti 12, soma ampea zake, zidisha kwa 12 upate wati. Prosesa na kadi ya grafiki, yaani walaji wakubwa, wote wanakula hapo. Ukikuta boksi la 500W lakini kwenye +12V kuna ampea 25, una wati 300 za kufanyia kazi. Zilizobaki zimehesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako kompyuta ya sasa haihitaji sana, au hazipo kabisa. Pawa saplai ya 500W ya kweli itakuonyesha ampea kama 38 hadi 41 kwenye +12V. Kama kuna 12V1 na 12V2, usizijumlishe. Soma wati za pamoja zilizoandikwa chini yake. Kama kibandiko hakina jedwali lolote la ampea, rudisha kwenye rafu.

Sasa hesabu ya unachohitaji. Chukua mashine ambayo vijana wengi wanaimudu: prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600. Prosesa hiyo ikibanwa tuihesabie wati 88, kadi ni 132, na vingine vyote, mazabodi (bodi kuu), SSD ya kuhifadhi data, feni, tuseme 50. Jumla 270. AMD, watengenezaji wake, wanashauri 450W kwa kadi hiyo, kwa sababu kadi za grafiki huruka juu ya kiwango chake kwa kipande kidogo cha sekunde, na pawa saplai dhaifu ikikutana na mruko huo inazima. Kwa hiyo 500 au 550 ya kweli inakutosha. Ukienda RTX 3060, ya wati 170, Nvidia wanataja 550. Anayekuambia ununue 1000W kwa mashine kama hizi anakumalizia hela ya RAM.

Mnaniuliza sana kuhusu nembo ya 80 Plus. Ni kipimo cha ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Kama kompyuta inatumia wati 300, pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 80 inavuta 375 ukutani, ya asilimia 90 inavuta 333. Ukicheza saa nne kila siku, tofauti ni kama uniti 5 kwa mwezi. Si fedha ya kukutoa jasho. Kinachonifanya niisisitize ni joto lenyewe: hizo wati 42 zinabaki ndani ya boksi dogo la bati, kwenye chumba kisicho na dari, mwezi wa Desemba, hapa kwetu. Kapasita, vile vipande vya ndani vinavyotunza umeme kwa muda mfupi, huzeeka kwa joto. Tafuta iliyoandikwa kapasita za nyuzi 105, na ambayo wati zake zimepimwa kwenye nyuzi 40 au 50. Zipo zinazopimwa kwenye nyuzi 25, na nyuzi 25 Mtwara mnajua zinapatikana saa ngapi. Katika madaraja ya 80 Plus, Bronze kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana inatosha, Gold ukiweza.

Jambo la umeme wa mtaani nalipa uzito zaidi kuliko nembo. Jioni, watu wakiwasha pasi na majiko, mitaa mingine volti zinashuka chini ya 230 mpaka taa zinafifia. Angalia sehemu ya AC input, yaani umeme unaoingia kutoka ukutani, kwenye kibandiko. Iliyoandikwa 100-240V itaendelea kufanya kazi hata volti zikishuka, bila stabilaiza. Iliyoandikwa 200-240V haina ahadi hiyo. Na ile yenye kiswichi chekundu nyuma cha kuchagua 115 au 230, hakikisha iko 230 kabla hujachomeka chochote. Ikiwa 115 utasikia mlio mmoja tu na moshi. Kwa umeme unaopanda, weka gadi, kifaa cha kukinga, inayokata na kusubiri kabla ya kurudisha, na hakikisha soketi yako ina ethi ya kweli, siyo tundu la tatu lisilo na waya nyuma.

UPS, yaani betri ya kukushikilia umeme ukikatika, nunueni kwa wati, msiangalie VA, ile namba kubwa ya kwenye boksi lake. Ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 au pungufu, na muda wake ni wa kuhifadhi gemu na kuzima tu.

Wanaoanza na Dell OptiPlex za mtumba, kompyuta za ofisini, sikilizeni hapa. Nyingi, kama 9020, mazabodi yake haitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Ina ya pini 8 ya Dell wenyewe. Ukinunua pawa saplai ya dukani haitaingia bila adapta, na kwenye kasha zile ndogo hata umbo lake halikubali. Kama bajeti ni hiyo, bakini na ya kwake na mtafute kadi isiyozidi wati 75 inayokula kupitia mazabodi peke yake, kama GTX 1650 isiyo na plagi ya ziada.

Tukiagiza Kariakoo, kuna kilomita zaidi ya 500 kati yako na muuzaji, na Mei 2024 tuliona barabara ikikatika kule Kilwa kwa mafuriko. Kurudisha mzigo si jambo la jioni moja. Mwombe anayekununulia aiwashe dukani kwenye mashine yenye kadi ya grafiki, gemu likicheza. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pini 24 ili feni ya pawa saplai izunguke hakuthibitishi kitu zaidi ya feni kuzunguka.

Wakati wa kufunga, plagi ya prosesa imegawanyika 4+4, ya kadi ni 6+2. Zinafanana kwa macho, nyaya ndani zimepangwa kinyume. Isipoingia kwa kidole, usisukume. Na kama nyaya zako zinachomoka upande wa pawa saplai, usichanganye na za kampuni nyingine hata zikiingia vizuri: mpangilio wa pini upande ule hauna kiwango kimoja, na SSD iliyopewa volti 12 mahali pa 5 hairudi. Ukibadilisha pawa saplai, toa na nyaya zote za zamani, zifunge pamoja nayo.