Bima ya miezi ya kusubiri Kanada

Dada, umeuliza mwanao mwenye presha anayehama Dodoma kwenda Vancouver atatibiwaje kabla ya kupata MSP, bima ya jimbo. British Columbia, jimbo lenye Vancouver, husubirisha siku zilizobaki za mwezi wa kufika, kisha miezi miwili kamili. Akitua Machi 31, bima inaanza Juni 1. Akitua Aprili 1, inaanza Julai 1. Tazameni tarehe ya tiketi kabla ya kulipa! Akifika tu aombe.

Bima binafsi inunuliwe kabla hajasafiri, maana zinazonunuliwa baada ya kufika mara nyingi huweka siku za kusubiri kwa ugonjwa. Presha aitaje kwenye fomu. Akiificha, dai linaweza kukataliwa. Vidonge vya kila siku kwa kawaida havilipiwi na bima hiyo: abebe vya siku 90, kiwango kinachoruhusiwa, kwenye pakiti zenye lebo pamoja na cheti cha daktari.