Nawaulizaje wazee wa Vietnam habari za vita?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nasoma historia mwaka wa pili hapa Iringa, nimechaguliwa na wenzangu kwenda Vietnam wiki tatu kujifunza utamaduni wao na jinsi wanavyosimulia vita, tutakaa na familia na kuongea na wazee. Sasa naogopa, maana babu yangu mwenyewe alipigana Kagera na hajawahi kutuambia kitu, ukimuuliza tu anainuka anaenda kuangalia ng'ombe. Huko ugenini ntaanzia wapi?
Msichana wa Kihesa

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera sana. Ujue ukisema "vita vya Vietnam" watakuelewa ila wenyewe wanaiita vita ya Marekani, maana kabla ya hapo walishapigana na Mfaransa wakamshinda pale Dien Bien Phu 1954 (mwaka uleule fuvu la Mkwawa liliporudishwa Kalenga, kwahiyo wakikuuliza kwenu mlipigana na nani una stori tayari).

Salamu hazitakusumbua, wewe si umekulia kwenye kamwene. Kule nako mtu mzima humtupii "wewe", unamwita babu au bibi, ông au bà, na hata Ho Chi Minh, kiongozi wao wa uhuru, mpaka leo ni Bác Hồ, yaani kama baba mkubwa. Kitu mpe mzee kwa mikono miwili.

Makumbusho mtapelekwa, na mahandaki ya Cu Chi pia, walimojificha waliopigana na Mmarekani, zaidi ya kilomita 200 chini ya ardhi, ila pale utasikia zaidi stori ya aliyeshinda. Wako wazee wa kusini waliokuwa jeshi la Saigon, upande wa Mmarekani, na Saigon ilipotekwa na kaskazini tarehe 30 Aprili 1975 wengi wakapelekwa kambini kufundishwa siasa upya, wengine wakakimbia na maboti. Kwahiyo usimuulize mzee alikuwa upande gani, tena mbele za watu, aisee hapana.

Angalia ukutani. Nyumba nyingi zina meza ya marehemu wa familia, picha na ubani, na siku aliyofariki mtu ndugu wanakusanyika kila mwaka wanapika. Omba kusaidia kumenya vitunguu siku hiyo halafu uliza tu huyu kwenye picha ni nani, alikuwa anapenda kula nini. Wengine walienda vitani na mpaka leo mwili haujapatikana, hapo utasikia wenyewe. Simu ya kurekodi usiitoe mpaka umeomba.

Na babu yako, akiinuka si umfuate huko kwenye ng'ombe? Kagera usiitaje, muulize njiani walikuwa wanakula nini. Baba yangu alienda vita hiyohiyo, alichonisimulia mimi mpaka anafariki ni viatu tu, vilivyombana toka Mutukula.