Raba ngumu, raba laini: majibu kwa wakimbiaji wa Dar

Nimenunua raba mpya, ngumu kama ubao. Nikifika kilomita 5 nyayo ziko salama ila tafu zinawaka moto. Tatizo ni nini? (Msomaji, Sinza)

Ukiinua kisigino, vidole hukunjika pale vinapoanzia. Soli ngumu inaupunguza mkunjo huo, kwa hiyo vidole vinapumzika. Ila kazi haijapotea, imehamia juu. Sehemu unayosukumia ardhi imesogea mbele, mbali zaidi na kifundo cha mguu, na anayeushika mpini huo mrefu ni tafu pamoja na kano ya kisigino. Zivae siku moja moja, mbio fupi, na raba za zamani usizitupe kwanza. Kano ikiuma hata asubuhi unaposhuka kitandani, ziweke kando.

Wenzangu wa jogingi wanasema raba zenye bamba la kaboni ndizo zilizomkimbiza Kipchoge. Nijichange? (Tegeta)

Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 12, 2019, akiwa na raba za aina hiyo. Lakini bamba halifanyi kazi peke yake: juu na chini yake kuna sponji nene, nyepesi, inayorudisha nguvu, na pua ya soli imepinda kwenda juu. Shirikisho la riadha la dunia limeweka kikomo: katika mbio za barabarani, unene wa soli usizidi milimita 40, na bamba liwe moja tu. Faida yake hutofautiana mtu na mtu, na kwa mwendo wetu wa Jumamosi pale Coco, wa kupiga stori huku tunakimbia, ni kama kufunga tairi za mashindano kwenye bajaji. Hela hiyo nunua pea mbili za kawaida.

Nitajuaje raba nzuri kwenye mtumba wa Karume? (Mama wa wawili, Buguruni)

Dada, usiibonyeze soli kwa kidole gumba ukaridhika. Hapo unapima ulaini wa sponji, na raba inaweza kuwa laini kama godoro lakini isikunjike. Shika kisigino kwa mkono mmoja, pua kwa mwingine, ikunje. Ikunjike pale vidole vyako vinapokunjikia. Ikivunjika katikati, chini ya upinde wa uwayo, irudishe kwenye fungu. Kisha isokote kama unakamua tambara: igome kidogo, isiwe tambara kweli. Mwisho ikwaruze soli kwa ukucha. Sponji nyingine, hasa za poliurethani, zikikaa miaka kwenye unyevu hugeuka ungaunga. Mimi niliruka hatua hiyo, soli ikanibanduka juu ya daraja la Tanzanite, nikarudi peku.

Kidole gumba cha mguu kimekakamaa, kikikunjika kinauma. Nitafute raba laini? (Mzee, Temeke)

Shikamoo mzee. Hapana, wewe ndiye unayefaa raba ngumu yenye pua iliyopinda, ili kidole kisilazimike kukunjika. Na uonane na daktari wa mifupa.

Fundi wa mtaani kanibandikia soli ya tairi. Nikimbilie? (Kigogo)

Za kwendea sokoni, sawa. Tairi halikunjiki na mguu, kwa hiyo kila hatua kisigino kitapanda na kushuka ndani ya raba. Kabla hujafika Magomeni utakuwa na lengelenge.