Kidigo nyumbani, Kiingereza shuleni: maswali yenu na majibu yangu

Juma lililopita niligusia hapa habari ya mtoto aliyekatazwa kusema Kigiriama uwanjani, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Wengi mmeniunga mkono. Mmoja kaniita adui wa maendeleo, naye nimemsikia. Maswali yalikuwa mengi, nimechukua saba.

Mwalimu, sisi ni Wadigo, twakaa Likoni. Mwanangu yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, katika shule ya kibinafsi. Mwalimu wake kaniambia nyumbani tuseme Kiingereza tu, la sivyo mtoto ataachwa nyuma na wenzake. Kiingereza changu mimi ni cha kuombea maji. Nifanyeje? – Mama, Likoni

Mama, endelea na Kidigo chako. Tena kiongeze.

Chukua mfano wa hapo hapo kwenu. Mmeshuka kwenye feri asubuhi, mtoto anaona lile daraja la kushukia limeinama sana kuliko jana, anakuuliza kwa nini. Kwa Kidigo utamweleza kwamba maji yamekupwa, na bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Utafika hadi kwenye bamvua na mwezi, na babu yake alivyokuwa akihesabu siku za kwenda mwambani. Hiyo ni sayansi, hesabu na historia kabla hamjafika stendi ya matatu. Kwa Kiingereza cha kuombea maji utamwambia nini? Utamwambia anyamaze, mmechelewa. Mtoto aliyenyamazishwa hivyo kila siku ndiye atakayeachwa nyuma.

Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu maishani. Akishang'amua kwamba herufi hubeba sauti, na sauti hubeba maana, ujuzi huo huhama nao kwenda lugha yoyote atakayofundishwa baadaye. Lakini lazima aanzie kwenye lugha ambayo maana zake tayari anazo. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, amekuwa akilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970: lugha mbili za mtoto hazigombanii nafasi kichwani, zinakunywa kwenye mzizi mmoja. Akaongeza jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Lugha ya kuchezea mtoto huipata kwa miaka 2 hivi, lakini lugha ya kusomea, ile ya kueleza sababu na kulinganisha mambo, humchukua kama miaka 5 hadi 7. Kwa hiyo mwanao akianza kusema "good morning teacher" kwa mbwembwe, usidhani kazi imekwisha.

Huko Ife, Nigeria, profesa Babs Fafunwa na wenzake walianza mradi mwaka 1970. Watoto walifundishwa masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka 6 ya msingi, na Kiingereza wakakisoma kama somo, kwa mwalimu anayekijua. Walipolinganishwa na wenzao waliohamishiwa Kiingereza mapema, hawakuwa nyuma yao, hata katika Kiingereza chenyewe.

Kiingereza mwanao atakihitaji, sikudanganyi. Akipate kwa wanaokisema vizuri: darasani, redioni, vitabuni. Wewe mpe kile ulicho nacho kikamilifu. Muhesabie *mwenga, mbiri, tahu, nne, tsano*, kisha muulize *tsano* na *tano* zinafanana wapi. Ataliona mwenyewe.

Mjukuu wangu yuko gredi ya 5. Kaandika insha nzuri kabisa ya siku ya Idi, mwalimu kamkatia maneno kwa wino mwekundu: "mtele", "mato", "ndia". Mimi nimezaliwa Kibokoni, babangu kazaliwa Kibokoni. Leo twafundishwa Kiswahili na watu waliokuja na gari moshi? – Babu, Mji wa Kale

Shikamoo, babu. Hasira yako naielewa, ila hao wa gari moshi tuwaache, wengine ni wake zetu.

Kwa mtihani, mwalimu yuko sawa: mtihani unataka Kiswahili sanifu, na aliyeandika *mtele* hapati alama ya tahajia. Kwa lugha, mjukuu wako hana kosa hata moja. Na hapa kuna kichekesho kichungu. Mwaka 1928 wakoloni waliitisha mkutano wa kuamua lahaja ipi iwe msingi wa Kiswahili cha shule katika Afrika Mashariki. Walikutana wapi? Hapa hapa Mombasa. Wakachagua Kiunguja, cha Zanzibar. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia uamuzi huo, na Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, lugha ya mshairi Muyaka bin Haji, kikawa "lahaja" kwenye mji wake chenyewe. Ni sawa na kualikwa karamu nyumbani kwako kisha ukaambiwa ukae jikoni.

Kichekesho cha pili atakikuta akifika kidato cha juu. Atapewa shairi lenye *nti* na *ndia*, aulizwe mshairi ametumia uhuru gani, na jibu la kupata alama litakuwa: "ametumia lahaja." Kitu kile kile kilichomkosesha alama gredi ya 5.

Dawa yake niliijaribu mwenyewe darasani. Nilichora ubaoni safu 3. Ya kwanza Kimvita: mtele, mato, nti. Ya pili sanifu: mchele, macho, nchi. Ya tatu nikaiacha tupu. Msichana mmoja kutoka Kisauni, Mgiriama, hakuwa na kawaida ya kuinua mkono. Siku ile aliinua: "Mwalimu, sisi twasema *matso*." Tukaandika *matso* safu ya tatu. Darasa likaanza kuwinda. *Ndoo* na *njoo*, *ndia* na *njia*. Kabla kengele haijalia walikuwa wameigundua kanuni wenyewe: *t* ya huku ni *ch* ya kule, *nd* ni *nj*. Mmoja akaniuliza je, *mchanga* ni *mtanga*? Hakuna mtu aliyemfundisha.

Muulize mwalimu wa mjukuu wako kama yuko tayari kuandika pembeni ya neno "Kimvita, sanifu ni mchele" badala ya kulikata. Wino ni ule ule.

Mwanangu asubuhi shule, jioni madrasa, nyumbani Kiswahili. Kiarabu hakitamvuruga? – Baba, Bondeni

Hakitamvuruga. Kinachoweza kumvuruga ni uchovu, basi hakikisha analala. Watoto wa pwani hii wamesoma herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi hizo kabla ya hizi za kirumi.

Ukitaka ushahidi wa karibu, programu ya chekechea za madrasa ilianzia hapa Mombasa miaka ya 1980, ikisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said ndiye aliyeiongoza. Walichanganya mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na maandalizi ya shule ya msingi chini ya paa moja, vifaa vikitengenezwa kwa vifuu na makuti. Baadaye ikaenda Zanzibar na Uganda. Hawakumtaka mtoto achague dini au shule.

Nafundisha gredi ya 2 Mikindani. Nina watoto 58: Wagiriama, Waduruma, Wakamba, Waluo, Wataita, na wawili Wasomali waliokuja muhula huu. Tumeambiwa tufundishe kwa lugha ya eneo. Eneo gani, Mwalimu? – Mwalimu mwenzako

Swali lako lina umri mkubwa kuliko wewe. Tume ya Ominde mwaka 1964 ilisema Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikageuza: miaka 3 ya kwanza, mtoto afundishwe kwa lugha inayosemwa mahali shule ilipo, na penye mchanganyiko itumike Kiswahili. Mikindani ni mchanganyiko mtupu, kwa hiyo lugha yako ya kufundishia ni Kiswahili na hakuna wa kukulaumu. Atakayekuja na ripoti za "shule inataka sura ya kimataifa", mwonyeshe sera.

Lakini nakuelewa unachouliza hasa: hao wengine wafanyweje? Huwezi kujifunza lugha 6, na vitabu vya Kiduruma vya gredi ya 2 hutavipata dukani. Fanya kidogo kinachowezekana. Ukiuliza swali gumu, waambie wanaosema lugha moja wageukiane dakika 2, wajadiliane kwa lugha yao, kisha wajibu kwa Kiswahili. Hutaelewa kelele ile, na si lazima uielewe, utalielewa jibu. Siku ya Ijumaa mzazi mmoja aje afundishe darasa zima wimbo mmoja wa kuhesabu. Usimwalike msomi, mwalike mama mboga wa hapo nje ya geti.

Hao Wasomali wawili wasikutie hofu wakikaa kimya. Mtoto anayeingia lugha mpya anaweza kunyamaza miezi kadhaa huku akisikiliza kila kitu. Waketishe pamoja kwanza, usiwatenganishe "ili wajifunze haraka". Ukitaka kujua wanaelewa, wape kazi ya mikono: kupanga vizibo vya soda 10 kwa makundi, kuchora, kuonyesha. Mmoja akikosa hesabu, mpe ile ile kwa vizibo kabla hujaandika kwenye ripoti kwamba hajui hesabu. Mara nyingi hesabu anaijua. Maneno ndiyo hana.

Tatizo kubwa liko juu yako, kwenye mtihani. Maadamu karatasi zote za gredi ya 6 isipokuwa Kiswahili zinakuja kwa Kiingereza, shule zitaharakisha. Wewe kwa miaka yako 3 usiharakishe.

Wazee wetu walitoka Pemba, twavua samaki. Mwanangu hana cheti cha kuzaliwa, shule inasita kumchukua. – Baba, Mtwapa

Serikali iliwatambua watu wa asili ya Pemba kuwa raia mwaka 2023, kama ilivyowatambua Wamakonde kabla yao. Nenda ofisi ya usajili wa vizazi au Huduma Centre na kadi ya kliniki, kitambulisho chako na barua ya chifu, uombe usajili uliochelewa. Wakati huo huo mtoto aende shule. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto kwa Kifungu cha 53 cha Katiba, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa asili yake. Cheti kitadaiwa atakaposajiliwa kwa mtihani, kwa hiyo usilale.

Dada yangu kahamia Minneapolis na wanawe. Huyu wa miaka 9 hutolewa darasani kila siku afundishwe Kiingereza kando na wageni wenzake. Dada analia, anasema wamemwona mjinga. – Mjomba wake, Majengo

Mwambie dada apanguse machozi, kisha aulize maswali. Hilo darasa la kando halikuletwa na dharau. Wazazi wenye asili ya China huko San Francisco walishtaki kwa sababu watoto wao waliketishwa darasani bila msaada wowote, wasielewe neno. Kesi yao, Lau dhidi ya Nichols, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1974 majaji wakasema kwa kauli moja kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kile kile na mwalimu yule yule si usawa. Tangu hapo shule hulazimika kufanya jambo. Jambo gani, hapo ndipo wanapogombana. Kule Miami shule ya Coral Way ilianza mwaka 1963 kufundisha watoto wa Wakuba na wa Wamarekani pamoja, nusu Kihispania nusu Kiingereza. California nayo ilipiga kura mwaka 1998 kubana mafunzo ya lugha mbili, ikapiga tena mwaka 2016 kuyafungulia.

Aulize hivi: akitolewa, anakosa somo gani? Maendeleo yake yanapimwaje, na atarudi lini moja kwa moja? Akikosa sayansi kila siku, hapo pana ugomvi wa haki. Na ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kwa hiyo aombe mkalimani, asimtumie mtoto kutafsiri habari zake mwenyewe. Jioni amsomee Kiswahili.

Niko gredi ya 8. Shuleni kwetu anayesema Kiswahili au kilugha anavishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwingine. Nimekivaa mara 4 muhula huu. Nimwambie nani? – Mwanafunzi, Changamwe

Mwanangu, na mimi nilikivaa. Chetu kilikuwa kipande cha kasha la sabuni, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani iliyokuwa ikiwasha shingo. Shule siitaji, walionivisha wengi wameshatangulia. Kiingereza sikujifunza kwa kibao kile. Nilijifunza kutembea nyuma ya wenzangu nikitega sikio, nipate wa kumvisha kabla ya saa 10. Rafiki yangu mmoja aliacha kabisa kuzungumza mapumzikoni. Alikuwa akikaa chini ya mwarobaini, anachora mchangani kwa kijiti.

Sheria ile ile ya 2013 inakataza shule kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Mweleze mzazi wako leo, uandike tarehe zote 4. Usiende kwa mwalimu mkuu peke yako. Aende yeye na wazazi wawili watatu, na wasiposikilizwa waende kwa bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Barua waiandike kwa Kiswahili. Kwa Kifungu cha 7 cha Katiba ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, na mwalimu mkuu atalazimika kuisoma.