Fundi Anajibu: Muhuri wa Raba Unaobanduka Kwenye Kibao

SWALI

Ndugu Fundi,

Mimi ni Mtanzania ninayeishi Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza. Jirani yangu amenitia katika mchezo wa kutafuta visanduku vilivyofichwa kwenye nyika za Dartmoor, ambamo kila kisanduku kina daftari na muhuri wake. Anayekipata hugonga muhuri wa kisanduku katika daftari lake mwenyewe, kisha hugonga muhuri wake binafsi katika daftari la kisanduku. Wa kwangu niliuchonga mwenyewe, picha ya jahazi, kwenye raba laini ya kuchongea, nikaubandika juu ya kibao cha msonobari kwa gundi nyeupe ya mbao. Majira ya baridi yalipokwisha nilikuta raba imebanduka nusu na kibao kimepinda. Sasa ninachonga mwingine wa kuweka katika kisanduku changu. Je, nitumie gundi gani, na kibao kina ulazima wowote?

Msomaji, Plymouth

JIBU

Ndugu yangu wa Plymouth, kibao hakina ulazima kwa kila muhuri, lakini kwa huo unaotaka kuuficha ninakushauri uwe nacho. Muhuri wako binafsi unaushika wewe mwenyewe, unajua pa kukandamiza na unautunza mfukoni. Wa kisandukuni utagongwa na mtu usiyemjua, aliyelowa mvua, mwenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, akiwa ameweka daftari juu ya goti. Tangu mwaka 1854, James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, alipoweka chupa huko Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao, vitu vinavyofichwa Dartmoor vimekuwa vikikaa katika ukungu na udongo wa mboji usiokauka. Kwa hiyo adui wa kwanza wa kazi yako ni maji.

Hapo ndipo gundi nyeupe ilipokuangusha. Gundi hiyo hushika kwa kupenya ndani ya vinyweleo vya mbao na kukauka humo. Raba haina vinyweleo vya kuipokea, na unyevu wa muda mrefu huilainisha tena. Upande wa mbao huenda ulishika vizuri kabisa, ila upande wa raba haukuwahi kushika, ulikuwa umeegemea tu. Gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa umeme, nayo huwadanganya wengi, kwa kuwa hushika mara moja na kuonekana imara mezani, lakini kwenye uso laini wa raba hubanduka kama ganda, hasa baridi inapoifanya iwe ngumu. Supa gluu ina nguvu, lakini hukauka ikiwa ngumu na isiyopinda, wakati raba hupinda na kurudi kila inapokandamizwa, na baada ya muda ufa huanzia pembeni. Tena haikupi nafasi ya kurekebisha: ukiweka jahazi likiwa limeinama, litabaki limeinama.

Gundi ninayoiamini kwa raba ya kuchongea ni ile ya mafundi viatu, inayopakwa pande zote mbili. Fundi anayebandika soli anakabiliwa na tatizo lako hilihili, yaani kitu kinachopinda, kinachokandamizwa na kinacholoweshwa. Kabla ya kupaka, osha raba kwa maji na sabuni ili kuondoa vumbi la kuchongea na ungaunga uliotoka nao kiwandani, ikaushe, usugue mgongo wake kwa msasa laini hadi mng'ao utoke, kisha uufute kwa spiriti. Usiruke hatua hii hata kama gundi yako ni ya bei ghali. Paka utando mwembamba kwenye raba na kwenye mbao, uache hadi ukigusa kwa kidole usinate (mara nyingi ni dakika kumi hadi kumi na tano, lakini fuata maelezo ya kopo), ndipo uviunganishe. Anzia ukingo mmoja ukiilaza raba taratibu ili hewa itoke, kwa sababu vikishagusana havisogei tena. Fanya kazi hiyo dirisha likiwa wazi. Mvuke wake si mzuri kwa kichwa.

Baada ya hapo wengi huukaza muhuri kwenye jiliwa, na mimi sikubaliani nao. Raba ikibanwa kupita kiasi hupanuka, gundi huishika ikiwa imepanuka hivyo, na ukilegeza jiliwa inavuta kurudi katika umbo lake na kuacha kingo zikitaka kunyanyuka. Inatosha kuulaza muhuri kifudifudi juu ya kioo, ukauwekea vitabu viwili vitatu, na kuuacha usiku na mchana.

Kuhusu kibao, msonobari ni laini na hunywa maji haraka, hasa kwenye ncha zilizokatwa kukingama nyuzi za mbao. Mti mgumu wa unene wa milimita 10 hadi 15 unafaa zaidi. Kikate kiwe sawa na raba au pungufu kidogo, kwani kibao kinachozidi raba hubeba wino pembeni, na mgongaji haoni picha itaangukia wapi. Usipake vanishi upande utakaobandikwa; gundi inataka mbao tupu. Gundi ikishakauka, paka vanishi mara mbili pande zote zilizobaki, ukikazia zile ncha. Kwa Dartmoor vanishi si urembo, ndiyo itakayozuia kibao kisipinde tena. Mwisho, gonga picha yako kwenye mgongo wa kibao kwa wino usiofutika, sehemu ya juu ya picha ikielekea juu ya muhuri, kisha uifunike kwa vanishi. Bila alama hiyo, nusu ya wageni watagonga jahazi likiwa limepinduka.

Kuna jambo moja hukuliuliza, lakini lazima nilitaje kwa sababu wachongaji wengi huanza na kifutio cheupe cha shuleni. Kifutio hicho kwa kawaida ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hayatulii ndani yake. Bila shaka umewahi kukuta kifutio kimegandamana na rula ya plastiki ndani ya mkebe, na rula imebonyea pale kilipolala. Mafuta hayohayo polepole hulainisha gundi ya viatu hadi iwe kama ulimbo. Ukichonga kwenye kifutio, tumia gundi inayotengenezwa kwa ajili ya kuzibia maboya ya plastiki ya kujaza hewa, au, na hili ndilo ningelifanya mimi, usikibandike popote: unene wake unatosha kushikwa kwa vidole. Kifunge kwa kitambaa kabla ya kukiweka kisandukuni.

Na kisanduku chenyewe, kwa taratibu za Dartmoor, hakiwekwi ndani ya magofu, kuta au mawe ya kale, wala hakijengewi kwa saruji.

SWALI

Ndugu Fundi,

Ninaishi Massachusetts, Marekani, na mihuri yangu yote nimeibandika kwenye mbao kwa gundi nzuri. Haibanduki, lakini katikati ya picha hapatoki wino, na pembeni hutokea mistari ambayo sikuichora. Kabla ya kubandika ilikuwa inatoka vizuri. Tatizo ni nini?

Msomaji, Massachusetts

JIBU

Ndugu msomaji, gundi haina kosa hapa. Raba isiyobandikwa hufuata vidole vyako. Pakibaki pasipogusa karatasi, kidole hupakandamiza bila wewe kufikiri. Ikishakuwa juu ya mbao ngumu haiwezi tena, na kila bonde la kibao au la karatasi huonekana. Weka kibao juu ya kioo utazame kwa usawa wa jicho. Ukiona mwanga unapita chini yake, kisugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo hichohicho mpaka kilingane. Halafu, kati ya mbao na raba, bandika sponji ngumu ya aina ya ndala yenye unene wa milimita 2 au 3. Sponji nene kuliko hiyo itafanya picha iyumbe, na mistari myembamba itajaa wino.

Mistari ya pembeni ni matuta yaliyoachwa na patasi yako sehemu ulizoondoa. Sponji itayafanya yaonekane zaidi, kwa hiyo yaondoe kwanza. Kata pembezoni karibu na picha, kisu kikiinama nje ili mguu wa kila mstari uwe mpana kuliko kichwa chake. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, utavunjika wageni wakianza kuugonga. Na usijaze wino kwa kuikandamiza raba kwenye pedi. Geuza muhuri uangalie juu, kisha uugongegonge kwa pedi kidogokidogo hadi mistari yote ing'ae.