Re: Kufungua fomu ndani ya paneli, Windows Forms (C#)

Mkuu, umeuliza kwa nini programu inagoma kila ukijaribu kuweka fomu ya wateja ndani ya paneli ya fomu kuu. Windows Forms (zana ya kutengeneza programu za Windows kwa C#) huichukulia fomu kama dirisha linalojitegemea, na dirisha la aina hiyo haliruhusiwi kukaa ndani ya kitu kingine. Zima hilo kwanza kwa TopLevel = false:

var f = new FomuWateja();
f.TopLevel = false;
f.FormBorderStyle = FormBorderStyle.None;
f.Dock = DockStyle.Fill;
paneli.Controls.Add(f);
f.Show();

Ukisahau Show(), paneli itabaki tupu na hutaona ujumbe wowote wa kosa.

Sasa hapa kuwa makini sana. Mtumiaji akibofya menyu nyingine, wengi huita paneli.Controls.Clear() wakidhani wamemaliza. Clear huitoa fomu kwenye paneli tu, haiifuti kwenye kumbukumbu. Programu ya duka inayoshinda wazi kutwa nzima itazidi kuwa nzito. Ita Dispose() kwenye fomu ya zamani ili iachilie rasilimali zake; itajitoa yenyewe kwenye paneli.

Kama bado uko mwanzoni, mimi ningetumia UserControl (kijenzi cha skrini unachokibuni mwenyewe) badala ya fomu. Imeundwa kukaa ndani ya fomu au paneli, kwa hiyo TopLevel na FormBorderStyle huzihitaji kabisa.