Usiuze Gitaa, Hiyo ni Baridi ya Njombe

Wiki hii kijana mmoja wa Njombe kaniandikia: "Kaka, gitaa la umeme nililonunua Dar linanizingua. Asubuhi sauti iko juu, mchana inashuka, na tangu mwezi wa sita nyuzi zinakwaruza freti, vile vyuma vilivyolazwa shingoni. Niliuze?"

Mdogo wangu, usiuze. Najua unataka kupiga solo siku moja jukwaa kubwa, nani hataki. Basi sikiliza yaliyonikuta hukohuko kwenu.

Nilikuwa mpiga gitaa la solo kwenye bendi ya harusi ya Dar. Mwezi Julai tukapelekwa Njombe. Safari siisimulii. Gitaa likatoka kwenye buti la basi, nikalifungua ukumbini, nikatyuni kwa kinanda, safi kabisa. Tarumbeta lilipoingia tu, ikawa kama bendi mbili zinapiga ukumbi mmoja. Kiongozi akasema kwenye maiki: "Solo, masikio umeyasahau Dar?" Watu wakacheka. Bwana harusi naye akacheka. Miaka imepita na bado linaniuma, kwa sababu mimi na kinanda tulikuwa sawa. Aliyekuwa chini ni tarumbeta, na mpiga tarumbeta alikaa kimya kama hayumo.

Mambo yako hivi. Uzi wa chuma ukipata baridi unasinyaa. Shingo ya gitaa haiufuati haraka, kwa hiyo uzi unakazika na sauti inapanda. Joto likija, uzi unalegea, sauti inashuka. Tarumbeta na saksafoni ni kinyume, maana sauti yake inatoka kwenye hewa iliyo ndani. Kwenye sentigredi 20 sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwenye 0 ni 331. Hewa ikipoa, sauti inasafiri polepole zaidi na tarumbeta linashuka. Kinanda cha umeme hakijali baridi wala joto, ndiyo maana ukigombana na mtu jukwaani, kinanda ndiye shahidi wako. Usiku ule ukumbi ulipojaa na kupata joto, tarumbeta likapanda, nyuzi zangu zikashuka, tukapishana njiani. Kila wimbo ukiisha nilikuwa nageukia kinanda. Kiongozi hilo hakuliona.

Kwa hiyo: ukifika, liache gitaa ndani ya begi lililofungwa lizoee hewa ya pale, nusu saa au zaidi. Kisha tyuni jukwaani, siyo chumba cha kubadilishia nguo. Nyimbo mbili tatu, tyuni tena. Taa zikiwaka, tyuni tena. Kama ni gitaa la zamani lenye vanishi ya nitroselulosi, kulitoa ghafla kwenye baridi kali na kulifungulia kwenye joto kunaweza kupasua vanishi mistari mistari. Liache kwanza kwenye begi, narudia.

Kukwaruza ni kesi nyingine. Mbao haisumbuliwi sana na joto, inasumbuliwa na unyevu. Gitaa lako limezoea hewa ya Dar, sasa liko kwenye kiangazi kikavu cha nyanda za juu. Mbao inasinyaa, ncha za freti zinachomoza na kukukata kiganja, na shingo inaweza kunyooka kupita kiasi au hata kupinda kwa nyuma, ndipo nyuzi zinapokwaruza freti. Watengenezaji wengi wanapendekeza unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55.

Pima kabla ya kugusa chochote. Bana uzi wa sita, ule mnene kabisa, kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ya pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama freti ya 7. Uwazi kati ya uzi na freti hiyo uwe kama robo milimita. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, wa seti ya nyuzi iitwayo 10 una unene huohuo, pitisha kipande chake pale. Kikikwama, kile chuma cha ndani ya shingo kilegezwe kinyume na saa kwa alenki (ile spana ya pembe sita), robo mzunguko basi, halafu subiri mpaka kesho. Kikigoma, mwone fundi.

Siku hizi mafundi wa bendi wananipigia mimi. Na ninachokiona ni vijana wenye pedali sita za kubadili sauti na hata alenki moja hawana. Mnanunua sauti wakati chombo chenyewe hamkijui! Jifunzeni chombo, jamani. Mwalimu wa kwanza ni gitaa lako mwenyewe, pedali baadaye.

Walioko pwani mnasumbuliwa na kinyume chake. Masika mbao inavimba, swichi na vitufe vya sauti vinakoroma, na kule Unguja hewa ya chumvi inakula nyuzi haraka. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, na weka kwenye begi vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Ukipanda nalo Njombe mwezi wa saba, vitoe.